Zamu ya Kumi na Tisa

Mwalimu Mkuu alikuwa na tabia moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kila asubuhi saa moja na nusu alisimama katikati ya kibaraza kirefu cha madarasa, akafumba macho, akaisikiliza shule yake ikijihesabu. Majina alikwisha kuyafuta siku nyingi. Darasa lina watoto sitini na tano. Ukianza kuita jina la mtoto, la baba na la babu, kengele ya kipindi cha kwanza inakukuta bado uko katikati ya orodha. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza ofisini alitoa agizo kila mtoto apewe namba. Mwalimu anaita namba, mtoto anajibu "Nipo," mwalimu anatia vema, basi. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Na ilikuwa inapendeza, tusimwonee. Milango minane, vyumba vinane, na kutoka kila chumba "nipo, nipo, nipo," bila kikohozi, bila kicheko, bila pengo. Wageni waliokuja kutembelea walisema hawajawahi kuona shule yenye nidhamu kama ile. Mmoja wao, mama mtu mzima, alitoka nje haraka akasema anahitaji hewa, lakini huyo alisemekana ana presha.

Mwaka wa tatu sasa shule haikuwa na mtoro. Darasa lililotimiza watoto wote wiki nzima lilipewa bendera ndogo ya buluu ya kuning'iniza mlangoni. Darasa lililopungukiwa na mtoto hata mmoja halikwenda uwanjani Ijumaa, na mwalimu wake alisimama kwenye kikao kueleza. Neno "kueleza" linasikika dogo. Waulizeni walioeleza.

Jumatatu ile Mwalimu Mkuu alikuwa amefumba macho kama kawaida. Darasa la Nne walikuwa wanaitwa. Kumi na saba, nipo. Kumi na nane, nipo. Kumi na tisa, nipo. Sauti nyembamba, yenye mkwaruzo mwishoni, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Ilitoka upande wa dirishani. Jumanne sauti ile ile, mkwaruzo ule ule, ilitoka karibu na mlango. Mtoto kahamishwa dawati, alijiambia, akaenda zake. Lakini siku nzima kitu kilimkera, kama kipande cha nyama kwenye jino, na hakukijua ni nini.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili sasa, upande wa kushoto umepooza na ulimi mzito. Mchana alitunzwa na mwanamke mmoja mwembamba, mpole, ambaye kila jambo alilijibu kwa neno moja. Chai imemwagika, "pole." Mvua imenyesha, "pole." Wewe ndiye uliyemkosea yeye, bado anakuambia "pole." Basi wakamwita Mama Pole. Alifika saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwalimu Mkuu akamwachia funguo; jioni saa kumi Mwalimu Mkuu akirudi alimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, mikono magotini, kama hakuondoka hapo tangu asubuhi.

"Mwanafunzi amekuja," Bibi alisema jioni moja, wiki kadhaa kabla ya Jumatatu ile.

"Mwanafunzi gani, Mama?"

"Amesoma. Amekwenda."

Mwalimu Mkuu alimtazama Mama Pole. Mama Pole alitazama sakafu. Daktari alikwisha kusema kwamba baada ya ugonjwa ule mgonjwa anaweza kuona watu wasiokuwepo, wala msibishane naye. Kwa hiyo hakubishana. Wiki iliyofuata alikuta unga wa penseli chini ya kitanda, akaufagia mwenyewe. Halafu akakuta nywele nyeupe za mama yake zimesukwa mistari sita, midogo, imenyooka, mtindo wanaosuka wasichana wa shule. "Umemsuka wewe, dada?" Mama Pole alisema ndiyo, pole. Vidole vyake vilikuwa vinene na vimekakamaa kwa sabuni, lakini mtu anapokuwa amechoka haulizi vidole.

Sasa, jioni ya Jumanne ile sauti ilipotoka karibu na mlango, Mama Pole alipokwisha kuondoka, Mwalimu Mkuu alikuwa jikoni akichemsha uji. Alisikia kitanda kinalia chumbani.

"Mama, umeamka?"

"Nipo!"

Kijiko kilimponyoka. Halikuwa jibu la mama yake. Lilikuwa fupi, jepesi, limekatwa mwishoni kwa mkwaruzo. Alikwenda mpaka mlangoni na kusimama. Bibi alikuwa amelala chali, macho darini, jicho moja limelegea. Mwanamke huyu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja katika maisha yake. Alipokuwa msichana waliosomeshwa walikuwa kaka zake.

"Saba mara nane," Bibi alisema taratibu, kwa ulimi wake mzito, "hamsini na sita."

Mwalimu Mkuu aliogopa. Aliogopa hasa, na alikaa na hofu hiyo peke yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Mume alikwisha kufariki, na mdogo wake wa kiume alikuwa mtu wa simu za mwisho wa mwezi.

*

Jumatano hakufumba macho. Alisimama nje ya Darasa la Nne, pembeni ya dirisha, akatazama.

Mwalimu wa darasa alikuwa kijana wa mwaka wa pili kazini, mwenye shati safi na kichwa kilichoinama. Watoto walimwita Bwana Vema, kwa sababu walimjua kwa utosi wake tu; tangu anaanza kuita mpaka anamaliza hakuwa anainua uso kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Kumi na nane, nipo. Kumi na tisa.

"Nipo!"

Safari hii ilitoka katikati, safu ya mbele. Na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anatazama midomo, hakuona mdomo wowote ukifunguka.

Aliingia. Watoto walisimama wote kwa mara moja, shikamoo Mwalimu, marahaba, wakakaa wote kwa mara moja.

"Kumi na tisa, simama."

Hakusimama mtu. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Watoto wa miaka kumi wakitafutwa mmoja wao, sitini watamgeukia. Hawa walitazama ubaoni.

"Kumi na tisa!"

"Nipo!" ilisema sauti, na ilikuwa kama imetoka kwenye ukuta.

Bwana Vema alikuwa amesimama na kalamu hewani. Alianza kusema kwamba ni mtoto mzuri sana, Mwalimu Mkuu, mtulivu, hana usumbufu hata kidogo, na alipokuwa anasema hivyo alikuwa anapitisha macho darasani akimtafuta, na ikawa dhahiri kwamba hajui sura yake. Alichojua ni daftari lake. Alilitoa kwenye rundo la madaftari kwa haraka, kama mtu anayetoa kitambulisho.

Mwalimu Mkuu alifundisha mwandiko miaka ishirini kabla hajapewa ofisi. Alifungua. Kazi zote zimefanywa, zote zimesahihishwa, chini ya jaribio la hesabu kuna sabini na nane na maneno mekundu: Vizuri sana, endelea hivyo hivyo. Lakini Jumatatu namba saba ilikuwa na mkia. Jumanne haikuwa nao. Jumatano herufi zililala kulia. Alhamisi mtu alikuwa amebonyeza penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Halafu Jumatatu tena, mkia umerudi. Watoto walikuwa wamejitahidi sana kufanana, na kwa jicho lolote jingine walikuwa wamefanikiwa.

Aliinua macho ukutani, kwenye karatasi ya zamu iliyochorwa kwa rula. Kufagia. Kufuta ubao. Maji. Na safu ya nne, iliyoandikwa juu yake 19, yenye namba za watoto kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Hii ni nini?"

"Nilidhani ni kikundi," Bwana Vema alisema. "Kikundi cha kumi na tisa."

"Vikundi vyako vingapi?"

"Vitano."

Kiranja wa darasa alikuwa msichana aliyeng'oka jino la mbele. Mwalimu Mkuu alimwita karibu, akajaribu kuinama ili awe sawa naye, jambo ambalo magoti yake hayakulizoea.

"Mwanangu, hii zamu ya mwisho ni ya kufanya nini?"

"Ya kuwa Kumi na Tisa, Mwalimu."

"Kuwa kivipi?"

"Unamwitikia kwa sauti yake, midomo usiifungue. Unamwandikia. Akipigwa, unapigwa wewe." Alifikiri, asije akasahau kitu. "Jioni unampelekea habari amepata ngapi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza. Yeye mwenyewe alituomba. Alisema tukisema hayupo bendera itaondoka, na mama yake atafukuzwa kazi."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yupo, Mwalimu."

"Yupo wapi?"

Kiranja alimtazama usoni. Nyuma yake darasa zima lilikuwa kimya, kimya kile ambacho wageni walikuwa wanakisifu.

"Yupo kwako, Mwalimu."

*

Kutoka shuleni mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Alizitembea kwa sita, mwanamke wa miaka hamsini na nne, viatu vya ofisini, na watu wa mtaani waliomsalimu hawakujibiwa, jambo lililozungumzwa mpaka jioni.

Nyumba yake ya saa mbili asubuhi alikuwa haijui. Alitambua hilo alipofika uani. Miaka yote aliijua kwa mwanga wa alfajiri na wa jioni. Hakujua kwamba saa hizi jua linaingia mpaka kwenye kamba ya nguo, wala kwamba mashuka ya mama yake huanikwa yamekunjwa pembe kwa pembe kama kitambaa cha meza. Kamba ilikuwa imeshushwa ikawa chini, kimo cha mtu mfupi. Karibu na beseni palikuwa na tofali, na juu ya tofali nyayo mbili ndogo za maji, ambazo zilikuwa hazijakauka.

Dirisha la chumba cha mama yake lilikuwa wazi. Alisimama chini yake.

"'Aidha, napenda kuijulisha ofisi yako,'" ilisoma sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, "'kwamba kwa mwaka wa tatu mfululizo shule yetu haina mtoro hata mmoja. Kila mtoto aliyeandikishwa yupo darasani, na ana... anafuatiliwa kwa karibu na mwalimu wake.'"

Ilikuwa ripoti yake mwenyewe. Nakala aliiacha mezani Jumapili.

"Mtoro," alisema Bibi. "Nini?"

"Ni mtu asiyekwenda shule, Bibi."

"Wewe?"

"Mimi naenda. Leo amenipeleka Hamsini na Mbili."

"Soma tena. Hapo pazuri."

Sauti ikasoma tena. Mwalimu Mkuu alisogea karibu zaidi na dirisha. Mara nyingi aliwaza maneno yale yatasikika vipi yakisomwa mbele ya wakubwa. Sasa alikuwa anayasikia.

Alipoingia msichana alisimama wima, mikono ubavuni. Alikuwa amevaa sare ya shule, imepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu, soksi zimevutwa. Kifuani sare ilikuwa imelowa maji ya kumwogeshea mgonjwa. Kila asubuhi alikuwa anavaa sare kuja kugeuza, kuogesha na kulisha mtu mzima aliyemzidi uzito mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Kumi na tisa."

Mwalimu Mkuu alitaka kumuuliza jina, na akaona aibu, kwa sababu alikumbuka kwamba mwaka juzi yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi fomu ya kumhamishia shuleni kwake, Mama Pole akiwa amesimama mbele ya meza na kanga yake nzuri. Badala yake aliuliza swali la ofisini.

"Kwa nini huji shule?"

"Naja, Mwalimu." Halafu, alipoona jibu hilo halikupokelewa: "Hesabu nimepata sabini na nane."

Alilisema kwa majivuno ya mbali, kama mtu anayesifia ndugu yake aliyeko nchi nyingine.

"Hiyo sabini na nane ni ya nani?"

"Ya yule wa shule." Msichana alishusha macho. "Yule anajua kugawanya. Mimi kugawanya sijui, mwisho wangu kuzidisha. Juzi amepata vizuri sana tena. Nikirudi, Mwalimu, nitamharibia."

Kitandani Bibi alinyoosha mkono wake mzima, akaushika mkono wa msichana, akauweka juu ya blanketi. Mwalimu Mkuu aliona jinsi mkono ulivyojua pa kwenda. Yeye mwanawe wa kumzaa hakuwahi kushikwa hivyo tangu ugonjwa uingie, na wivu ulimchoma pale pale, katikati ya aibu yote ile. Hata hilo lilimtia aibu.

*

Mama Pole aliitwa, akaja akishikilia ukuta. Mwalimu Mkuu aligundua kwamba kwa miezi miwili hakuwahi kumwona akitembea. Asubuhi alimwacha amesimama mlangoni, jioni alimkuta amekaa kigodani.

"Mgongo," alisema Mama Pole. "Nilimnyanyua Bibi peke yangu siku ile alipoteleza bafuni. Kitu kikalia hapa. Tangu siku hiyo siwezi kuinama. Naja asubuhi unanikuta, unakwenda, mtoto anaingia, mimi narudi kwangu kulala juu ya ubao, ninyooshe mgongo. Saa tisa najikokota kuja. Pole, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ulisema nikiugua niseme mapema, utafute mwingine."

"Nilisema hivyo kwa nia njema! Nilimaanisha upate kupumzika."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilielewa."

Mwalimu Mkuu alijaribu kukumbuka aliyasema maneno yale wapi na kwa uso gani, akashindwa. Labda alikuwa anafunga mkoba, labda alikuwa tayari yuko nje.

"Na mtoto? Zaidi ya mwezi! Mtoto wa darasa la nne!"

"Mwanzo niliona ni siku mbili tatu," Mama Pole alisema. "Nilikuwa nangoja uje uniulize, mwanao yuko wapi. Wewe ni mkuu wa shule, utajua tu. Siku zikapita. Halafu ikaja ripoti ya nusu muhula, mahudhurio yote, maksi nzuri, na sahihi yako chini." Alimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Nikasema, kumbe anajua. Anajua, amenyamaza kwa kunihurumia. Nilikuombea dua siku hiyo."

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kigoda cha Mama Pole. Alilia, na hakujificha.

*

Alhamisi alimpigia simu mdogo wake, muuza vipuri vya magari, kabla hajanywa chai.

"Njoo leo umtunze mama. Wiki nzima. Halafu tutapeana zamu mpaka apatikane mtu wa pili wa kusaidiana na Mama Pole. Yeye nampeleka hospitali."

"Dada, duka nimwachie nani? Na mimi mwanaume, mama nitamwogeshaje?"

"Kwa maji."

Alikuja. Alifika na begi la siku moja na uso wa mtu aliyeonewa, lakini alikuja, na msichana alimwonyesha namna ya kumgeuza Bibi kwa shuka bila kumvuta bega. Kisha msichana akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni asijue atangulie au afuate.

Ofisini Msaidizi wa Mwalimu Mkuu, mwanamume mtaratibu aliyekuwa na miaka miwili tu kufikia kustaafu, alifunga mlango na dirisha pia.

"Mtoto amerudi, tumshukuru Mungu," alisema. "Mambo yaishe hapo. Kesho Ofisa Elimu anakuja na ngao ya shule ya mfano. Daftari limejaa vema tangu Januari, liko safi kama sahani. Ukiligusa, wataanza kuuliza. Watauliza huyu mtoto alikuwa wapi. Utajibu nini?"

"Nitajibu alipokuwa."

"Utavuliwa ofisi, bibi wee! Watasema mwalimu mkuu amemfanyisha mtoto kazi za ndani. Nani atasikiliza habari ya mgongo?"

Alisema kweli, na Mwalimu Mkuu alijua. Usiku alikuwa amelifikiria hilo hilo, akijigeuza: ukinyamaza, unabaki na ofisi, na mtoto anabaki na sabini na nane za mtu mwingine, mwakani atakaa Darasa la Tano asijue kugawanya, na hakuna atakayeshangaa kwa nini anazama, maana karatasi inasema anaogelea. Ukisema, mtoto anasaidiwa, na wewe umekwisha. Hapakuwa na njia ya tatu. Aliitafuta.

Aliliomba daftari kwa Bwana Vema, aliyelitoa kwa mikono miwili. Akachukua kalamu nyekundu. Kwenye mstari wa kumi na tisa alikata vema moja baada ya nyingine, akaandika sifuri juu yake, thelathini na nne, na Bwana Vema alizihesabu kwa midomo bila sauti. Mwishoni mwa kila mstari kuna nafasi ya sababu za kutokuwepo. Alipekua nyuma, kisha akapekua madaftari ya madarasa mengine yaliyokuwa mezani. Mwaka mzima, madarasa yote, nafasi ile ilikuwa nyeupe.

Aliandika: Alikuwa nyumbani kwangu akimuuguza mama yangu. Mimi sikujua. Akatia sahihi.

*

Ofisa Elimu alikuja Ijumaa saa mbili na dereva wake na ngao iliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye haraka. Mwalimu Mkuu alimwambia yote wakiwa wamesimama kwenye kibaraza, bila kupamba na bila kujitetea, na Ofisa alisikiliza huku uchangamfu ukimtoka usoni kidogo kidogo.

"Hili," alisema mwishowe, "tutalizungumza ofisini kwangu Jumatatu. Uje na maelezo ya maandishi. Linaweza kuwa zito, sikufichi." Alitazama saa. "Lakini leo nimekuja na ngao, na waandishi wa habari wako njiani. Mtoto mmoja katika mia tano na ishirini si mwisho wa dunia. Darasa la Nne tutaliruka. Twende Darasa la Sita, tupige picha na watoto pale."

Bendera ya buluu ya Darasa la Sita ilikuwa imening'inia mlangoni, mpya kabisa. Watoto walisimama kwa mara moja, wakasalimu kwa sauti moja, wakakaa kwa mara moja. Ofisa alitabasamu, akaiweka ngao mezani, akaanza kufungua gazeti.

"Samahani," Mwalimu Mkuu alisema. "Naomba kwanza niwaite."

Alichukua daftari mezani. Hakuinamisha kichwa, alilishika juu, usawa wa kifua, ili aone darasa.

"Sikilizeni, wanangu. Leo nawaita kwa namna nyingine. Nitaita jina. Jina lako, la baba, la babu, kama lilivyoandikwa hapa. Ukisikia jina lako unasimama, na unabaki umesimama. Asimjibie mtu mwingine yeyote. Hakuna atakayepigwa. Hakuna bendera itakayoondolewa."

Alianza. Majina yalikuwa marefu na mengine yalimshinda kutamka, na watoto walisimama taratibu, wakiwa na nyuso za kushangaa, kama wameitwa kutoka mbali. Wa kwanza. Wa pili. Wa sita.

Aliita jina la saba. Halikujibiwa. Aliliita tena, na mahali palipopaswa kuwa na sauti palibaki wazi, na upepo ukasikika ukipita kwenye bati.

Aliendelea. La kumi na mbili, kimya. La ishirini na moja, kimya. Na la ishirini na mbili. Kila aliposimama kungoja, kimya kilikuwa kinaongezeka chumbani mpaka Ofisa akaacha gazeti lilivyo, nusu limefunguliwa. Sasa ilionekana kwamba kwenye madawati watoto walibanana watatu watatu mbele tu, na kwamba nyuma watoto walikuwa wamekaa wameachana kwa ustadi, mikoba ikiwekwa mahali pa watu. Alipofika jina la mwisho waliosimama walikuwa arobaini na wanane. Daftari lilisema sitini na moja.

Kutoka Darasa la Tano, ukuta wa pili, mwalimu mwingine alikuwa anamalizia kuita. Nipo, nipo, nipo.

Kiranja wa Darasa la Sita aliinua mkono. Alikuwa mvulana mrefu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kubembeleza, kama anayetaka kumwokoa, "tuwaitikie?"

"Hapana, mwanangu," Mwalimu Mkuu alisema. Aliliweka daftari juu ya ngao. "Nipelekeni kwao."